Baiskeli ya mbio baada ya miaka arubaini: chumvi, gia na nafasi ya tairi

Mtu akifika arubaini na kitu, tumbo limetangulia na daktari ameanza kutaja presha, akaamua kununua baiskeli ya mbio, swali lake la kwanza huwa ni la jina: Trek, Giant au Bianchi? Kwa tunaoendesha Mombasa, jina linakuja mwisho. Kwanza fremu ikutoshe. Pili, ujue tairi la upana gani linaingia. Tatu, ujue gia yake nyepesi kabisa ni ipi. Nne, fundi wa hapa hapa aweze kuitengeneza. Juu ya hayo manne kuna chumvi ya bahari, na watu wengi huigundua wakati bomba la kiti limeshagandana na fremu.

Tuanze na mwili. Simama ukutani bila viatu, miguu ikiachana kidogo, ubane kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukivute juu kwa nguvu, kama kiti kinavyokubeba. Mtu atie alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Kutoka sakafuni hadi alama hiyo ndio urefu wako wa mguu wa ndani. Ukizidisha kwa 0.67 unapata makadirio ya fremu ya zamani, ile ambayo bomba lake la juu limelala sawasawa. Mguu wa sentimita 80 unatoa 53.6, kwa hivyo tafuta fremu ya 53 au 54. Ukizidisha kwa 0.883 unapata urefu wa kiti, kutoka katikati ya eksili ya pedali (ile iliyo chini ya fremu, mikono ya pedali inapozungukia) hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Kwa mguu huo huo ni sentimita 70.6. Anzia hapo, kisha urekebishe kwa milimita 3 hadi 5 kila mara, si zaidi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, au nyonga zikiyumba ukipiga pedali, kiti kiko juu mno.

Fremu za siku hizi zina bomba la juu linaloteremka, na namba iliyoandikwa inaweza kukudanganya. Jambo linalomhusu mtu wa makamo ni kimo cha mbele: usukani uko chini kiasi gani ukilinganisha na kiti. Wanariadha hushusha usukani wapenye upepo. Mwili uliokaa ofisini miaka ishirini hauwezi kujikunja hivyo, na ukilazimishwa utalipa kwa shingo, viganja na kiuno. Jaribu hivi: kaa juu ya baiskeli, mtu akushikilie, weka mikono juu ya vishikio vya breki kisha uvute pumzi ndefu mara tano huku ukizungusha pedali polepole kinyumenyume. Mapaja yakigonga tumbo, au pumzi ikikatika, mbele pako chini kupita kiasi. Tafuta fremu iliyotengenezwa kwa safari ndefu badala ya mashindano.

Kwenye baiskeli ya mtumba angalia shina la uma (uma ndio unaoshika gurudumu la mbele) linalopanda hadi kwenye shingo ya usukani, yaani kipande kinachoushika usukani. Mwenye nayo wa kwanza akiwa amelikata fupi, hakuna namna rahisi ya kuinua usukani isipokuwa kubadilisha shingo kwa nyingine iliyoelekea juu. Baiskeli za zamani zenye shingo inayoingia ndani ya bomba huinuka kirahisi, lakini usipite mstari uliochorwa kuonyesha mwisho wa kupandisha. Ukipita mstari huo shingo inaweza kuchomoka au kuvunjika ukiwa kwenye mteremko. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ile ambayo kimo chake cha mbele kinakufaa, kwa sababu umbali wa kufikia usukani hurekebishika kwa shingo fupi au ndefu ya milimita 10 au 20. Kimo hakina huruma hiyo.

Tairi ni jambo ambalo wauzaji hawalitilii maanani, na ndilo linaloamua kama bado utakuwa unaendesha baada ya miezi mitatu. Barabara ya Malindi, kuanzia Kisauni hadi Mtwapa, ina mchanga pembeni, lami iliyomeguka ukingoni, na matuta. Tairi la milimita 23 lililojazwa upepo hadi likawa gumu kama jiwe halikupeleki mbio zaidi kwenye lami ya namna hii. Linarusha kila mtikisiko kwenye viganja na mgongo, na huko kurushwarushwa kunakula nguvu uliyokwisha kuitoa. Kima cha chini kwetu ni milimita 28, na 32 ikiwa fremu inakubali. Hapo ndipo aina ya breki inapoingia: breki za kawaida za rimu kwenye fremu za mbio mara nyingi hazipitishi zaidi ya 25 au 28, ilhali fremu nyingi mpya za breki za diski hupitisha 32 na kuendelea. Pima kwa macho na kidole. Kati ya tairi na fremu, juu na pande zote, pabaki angalau milimita 4, la sivyo mchanga uliolowa utakwama na kukwangua rangi.

Mtu wa kilo 85 kwenye tairi la 28 lenye tyubu aanzie takriban psi 80 (kipimo cha upepo) nyuma na 72 mbele. Kwenye 32, takriban 65 nyuma na 58 mbele. Ukipata pancha, soma tyubu kabla ya kubandika kiraka. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanamaanisha upepo ulikuwa mdogo na rimu ikabana tyubu kwenye shimo au tuta. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, kigae cha chupa, au uzi wa chuma uliotoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Nyuzi hizo zimejaa kandokando ya barabara kuu kuanzia Changamwe, ni nyembamba, na hubaki ndani ya tairi zikingoja tyubu mpya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kabla ya kurudisha tyubu. Kitambaa kitanasa pale ambapo kidole kingechomwa.

Kabla ya kulipia baiskeli ya mtumba, soma namba kwenye ubavu wa tairi. Tafuta 622 mwishoni, kwa mfano 28-622. Hiyo ndiyo 700C, saizi ya baiskeli za mbio za leo. Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1970 na 1980 kutoka Uingereza na Marekani zina rimu za inchi 27, ambazo namba yake ni 630. Tofauti ni milimita 8 tu kwa kipenyo, lakini tairi la 622 halivaliki kwenye rimu ya 630, na la 630 litachomoka kwenye rimu ya 622. Halafu kuna 635, inchi 28 ya baiskeli zetu nzito za kubebea mizigo. Ukimwambia muuzaji wa vipuri nipe tairi la ishirini na nane, atakupa la 635, kwa sababu ndilo analouza kila siku. Mtajie namba ya tarakimu tatu, kama 622, usimtajie inchi.

Na vali: nyingi za baiskeli za mbio ni nyembamba, zenye kijiskurubu cha kulegeza juu. Pampu ya kituo cha petroli haiingii bila kichwa cha kuunganishia. Ni kitu kidogo cha shaba, nunua viwili, kimoja kikae kwenye mkoba wa kiti. Usikubali tundu la rimu litobolewe ili vali nene ya pikipiki iingie. Rimu nyembamba ikitobolewa hudhoofika hapo hapo penye tundu.

Mombasa ni tambarare, kwa hivyo watu hupuuza gia. Kisha wanakutana na mwinuko wa Mazeras, au na Kusi la mwezi wa saba usoni, wanabaki wamesimama kwenye pedali, magoti yakilia. Baiskeli za zamani za mbio zina meno 53 na 39 mbele, na nyuma gia kubwa kabisa ni ya meno 25. Ukiwa kwenye 39 na 25 ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, unatakiwa uwe unakwenda karibu kilomita 15.7 kwa saa. Chini ya mwendo huo mguu unaanza kusukuma mzigo badala ya kuzunguka. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko hiyo hiyo 80 inakupeleka kilomita 10.7 kwa saa. Hiyo ndiyo gia ya mtu anayerudi mazoezini. Tafuta 50 na 34 mbele, na kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, inayofika 32 au 34. Usiamini kwamba unaweza kubadilisha kaseti tu: kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kina ukomo wa meno, na vile vifupi vya zamani vingi huishia karibu na 28. Kaseti kubwa kuliko hapo itasagana na gurudumu dogo la juu la kifaa hicho.

Kuhusu daraja la vifaa vya gia, Claris ya Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, yenye gia 8 nyuma inatosha kabisa kwa kazi hii. Cheni yake ni nene kidogo, hupatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Ukipanda hadi gia 11 au 12, cheni na kaseti ni ghali zaidi na zinataka urekebishaji makini zaidi. Kwa mji wenye chumvi hewani, ambako cheni ni kitu cha kubadilisha mara kwa mara, tofauti hiyo inaonekana haraka mfukoni.

Breki za diski za mafuta zinashika vizuri na mkono uliochoka unazishukuru. Lakini uliza mapema nani atazihudumia. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, ilhali pikipiki nyingi na breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, hutumia mafuta ya DOT, yale ya breki za magari. Fundi mzuri wa pikipiki, kwa nia njema kabisa, atakutilia DOT kwenye breki ya Shimano, na raba za ndani zitavimba na kuharibika. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye uma: MAFUTA YA MADINI TU. Kama huna fundi unayemwamini kwa hilo, chukua diski za waya au breki nzuri za rimu. Za rimu zina kasoro yao: mchanga hunasa kwenye raba na kukwangua ubavu wa rimu. Pitisha ukucha kwenye ubavu huo. Ukiwa umebonyea, au alama ya kuonyesha kulika imetoweka, rimu hiyo imekwisha, hata ikiwa inang'aa.

Sasa chumvi, na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na ushauri wa kila mahali. Si lazima uendeshe ufukweni. Upepo wa bahari huleta chumvi hadi kwenye roshani ya ghorofa ya tano Nyali, na jasho lako lina chumvi yake pia, linalodondokea mahali pabaya kabisa: kwenye boliti za shingo ya usukani na beringi za chini yake. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja hulika. Ndio maana bomba la kiti la aluminiamu hugandana na fremu ya chuma, na hugandana vivyo hivyo na fremu ya kaboni. Likishagandana, wakati mwingine njia pekee ni kulikata kwa msumeno kutoka ndani.

Kinga ni rahisi. Siku ya kwanza, hata baiskeli ikiwa mpya, chomoa bomba la kiti, lifute, lipake grisi ya kuzuia maji ikiwa fremu ni ya chuma au aluminiamu, ulirudishe. Kama fremu au bomba ni la kaboni, tumia krimu maalumu ya kaboni yenye chembechembe, kwa kuwa grisi ya kawaida italifanya liteleze na utajikuta unakaza boliti hadi kaboni ipasuke. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Fanya hivyo kwa nyuzi za pedali, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kinyume na kawaida, na kwa kila boliti ya usukani. Boliti nyingi za shingo hutaka takriban Nm 5 (kipimo cha nguvu ya kukazia), lakini fuata namba iliyoandikwa hapo. Nunua waya za ndani za breki na gia za chuma kisichoshika kutu. Zile za bei ya chini huanza kuwa nzito kwenye mkono ndani ya msimu mmoja, na watu hulaumu breki.

Fremu ya chuma ni nzuri kwa mwili, hupunguza mitikisiko, na mtu wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Lakini huoza kutoka ndani. Toa bomba la kiti, igeuze baiskeli juu chini, uone kama unga wa kutu utamwagika. Ukimwagika mwingi, mshukuru muuzaji uondoke. Kwa Mombasa sisi tungependekeza fremu ya aluminiamu yenye uma wa kaboni kwa anayeanza, na eksili ya pedali ya kufungwa kwa nyuzi, si ile ya kugongomelewa. Ya nyuzi hufunguliwa kwa kifaa kimoja cha bei ndogo, upande wa cheni kwa kawaida ukizungusha kinyume. Ya kugongomelewa huanza kulia unyevu ukiingia, na kuitoa bila vifaa vyake kunaharibu fremu.

Baada ya kila safari mwagia maji baridi yasiyo ya chumvi kwa kopo au mpira usio na nguvu, na usielekeze mashine ya kuoshea magari kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kwa sababu maji yatasukuma grisi nje ya beringi. Kausha cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa yote ya nje. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo mafundi wengi hupaka kwa brashi, hugeuka msasa yakichanganyika na mchanga wetu. Kila mwezi pima cheni kwa rula: kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25 ni inchi 12 kamili inapokuwa mpya. Ikifika inchi 12 na 1/16, ibadilishe. Ikifika 12 na 1/8, umechelewa, na huenda kaseti nayo inataka kubadilishwa.

Unaponunua mtumba, nenda mchana, si usiku chini ya taa, na uwe mpole lakini usione haya. "Ami, naomba niitoe kiti kidogo nitazame ndani" ni ombi la kawaida, na muuzaji mkweli hatakataa. Tazama nyufa kwenye maungio, hasa chini ya bomba la chini karibu na usukani, ambako rangi iliyokunjamana huonyesha kwamba baiskeli ilishagonga kitu. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Bonyeza vishikio vya gia vyote. Vikiwa vinacheza bila kushika, mara nyingi grisi ya ndani imeganda kwa kukaa miaka, na dawa ya kuyeyusha grisi ikifuatwa na mafuta mepesi huvirudisha. Hiyo ni sababu ya kuomba punguzo, si ya kukimbia. Funua pia ncha ya kitambaa cha usukani: jasho hula aluminiamu chini yake, na unga mweupe wenye vishimo maana yake usukani huo ubadilishwe. Weka kando robo ya bajeti yako kwa matairi, tyubu, cheni, waya na raba za breki. Tairi lililokaa miaka kwenye ghala lina nyufa ubavuni hata kama halijawahi kukanyaga lami.

Upande wa mwili, ukiwa na presha, sukari au historia ya moyo nyumbani, pima kabla ya kuanza, na mwambie daktari kwamba utaendesha kwenye joto. Dawa zinazoongeza mkojo hukausha maji haraka, na zile za kupunguza kasi ya moyo hufanya saa ya mkononi isionyeshe kweli unavyojituma. Tumia kipimo cha maneno: ukiweza kusema sentensi nzima, uko sawa. Ukiweza neno moja moja, punguza. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, shuka na utafute msaada papo hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kutia nguvu misuli. Safari tatu za dakika 40 zinakusogeza karibu na kima cha chini, lakini hizo siku mbili zisiachwe, kwa kuwa baiskeli hukubeba uzito na mifupa haipati kazi yake.

Anza Nyali, Links Road na mitaa ya nyuma, au Mama Ngina, alfajiri mara tu kunapopambazuka, kabla ya matatu na tuktuk kujaa. Wakati wa Ramadhani saa moja ya mwisho kabla ya magharibi inafaa kwa mwendo wa polepole tu, futari ikiwa karibu. Beba nusu lita hadi robo tatu ya maji kwa kila saa, na ikizidi saa moja na nusu tia chumvi kidogo na sukari. Panga njia kwa upepo: anza ukiukabili, urudi ukikusukuma. Msimu wa Kusi, ukienda Mtwapa utajiona shujaa, kisha kurudi kutakutoa jasho mara mbili, kwa hivyo geuza mapema kuliko miguu inavyokuambia. Msimu wa Kaskazi mambo hugeuka, na Mtwapa huwa njia nzuri. Ukipita Dongo Kundu, madaraja ya Mwache na Mteza yako wazi, na upepo wa ubavuni huko husukuma baiskeli nyepesi. Shika usukani kwa chini, legeza viwiko.

Baada ya wiki sita hadi nane mgongo hulegea na tumbo hupungua kidogo, na usukani uliokuwa sawa unaanza kuonekana uko juu. Toa pete moja ya milimita 5 chini ya shingo, iweke juu ya shingo, endesha wiki mbili uone. Usikate shina la uma. Pete hiyo huenda ukaihitaji chini tena.